Shibiri Moja ya Ukanda

Harufu ya rangi ya kucha ikinipiga puani, mimi mwenzenu narudi utotoni, kwetu Nambambo, papo hapo. Juzi aliingia mama mmoja dukani kwangu hapa Ruangwa, kucha zake bado mbichi, ameshika simu iliyotumbukia kwenye ndoo ya maji. "Fundi, simu yenyewe itupe ukitaka. Nitolee picha za marehemu mama yangu tu." Nikamwambia, "Dada, umefika." Na picha zilitoka. Kwangu huwa zinatoka. Shule niliishia darasa la tano, lakini mafundi wenye vyeti ukutani huniletea kazi zilizowashinda, tena wanapitia mlango wa uani ili wasionekane.

Ila nisiwafiche, kazi yangu ya kwanza kabisa niliifanya huku nalia.

Baba alikuwa Tanga, kwenye mkonge. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo Baba aliongea kwenye kaseti, akampa mtu aliyekuwa anarudi kwetu Nachingwea. Ilifika siku ambayo mimi niko shambani nafukuza ndege kwenye mpunga. Wakaisikiliza bila mimi, Mama na kaka yake, mjomba Likwena, kwa redio ya mjomba, kubwa, ya rangi ya fedha, iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Niliporudi, betri zilikuwa zimeshachoka, zimeanikwa juani kwenye ungo pamoja na mhogo. Wenzangu wana sauti ya Baba masikioni, mimi nina kelele za ndege.

Mama alipokwenda kisimani, na mjomba yuko msikitini, nilizichukua betri zikiwa bado na joto la jua, nikaziuma kidogo kama nilivyoona wakubwa wakifanya, nikatumbukiza, nikabonyeza. Baba akaongea polepole, sauti nzito kama ya mtu mwenye usingizi. Akasalimia watu mmoja mmoja. Akauliza habari za mikorosho. Akafika kwangu: "Na huyo Selemani..." Sauti ikalegea, ikazama. Redio imemeza ukanda wa kaseti.

Ningetulia, ungetoka salama. Nikavuta. Ukatoka umekunjamana kama utumbo wa kuku, halafu ta! Ukakatika.

Mjomba alinikuta nao mkononi. "Selemani! Umemuua baba yako, wewe!" Akageuka kutafuta fimbo. Mama naye akatokea, akaweka ndoo chini taratibu. Akauokota ule ukanda, akautazama kama mtu anavyotazama mguu wa mtoto uliovunjika. Akaniuliza, "Unaweza kuuunga?"

Sijui nilipata wapi jeuri ya kujibu kwamba naweza.

"Huyu?" mjomba akasema. "Aharibu, halafu umpe tena?"

"Kaka, niletee wembe."

Nikakata kile kipande kilichokunjamana, kama shibiri moja hivi. Mke wa mjomba akatoa chupa yake ya rangi ya kucha, nyekundu. Nikapaka tone kwa kijiti, nikabana zile ncha mbili kwa vidole mpaka zikashikana, machozi na kamasi vinashuka tu. Ukanda nikauzungusha kwa kalamu mpaka ukarudi wote ndani. Betri tukaazima kwa jirani. Baba akaongea! "Na huyo Selemani..." tiki! "...mwambieni namsalimia sana."

"Hapo katikati alisemaje?" nikauliza.

Mjomba akafungua mdomo. Mama akamwahi. "Alisema una mikono ya fundi. Usikatishwe tamaa."

Mjomba akakohoa, akatazama paa, mabega yanamtikisika. Nilidhani analia.

Baba hakurudi. Alizikwa hukohuko Tanga, na sauti yake yote iliyobaki duniani ni ile kaseti. Kila tulipoipiga, ikifika pale pekundu tuliisimamisha, Mama akajazia kwa mdomo wake: "Una mikono ya fundi. Usikatishwe tamaa." Nikakua na maneno hayo kifuani kama wenzangu wanavyotembea na cheti. Nikaanza na tochi, nikaja redio, nikaja simu, nikafungua duka lenye milango ya vioo na feni mbili. Aliyenicheka nilimjibu kimoyomoyo kwamba Baba alishasema.

Mwaka huu nimemleta Mama akae kwangu. Kwenye vitu vyake kulikuwa na kopo la maziwa, na ndani yake, kwenye kipande cha kanga, ile shibiri yangu ya ukanda. Siku nzima niliunyoosha kwa dole gumba. Nikauunga mahali pake, nikasikiliza peke yangu.

"Na huyo Selemani asiguse redio ya mjomba wake, ataiharibu, namjua. Mwambieni namsalimia sana."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu kicheko kikaisha.

Nikaenda kumuuliza Mama. Alikuwa anachambua mbaazi, hata kichwa hakuinua. "Sasa mwanangu, ulikuwa unalia vile, ningekwambia hivyo? Na redio si ulikuwa umeshaichezea?"

Miaka yote hii natamba mjini kwamba nimejitengeneza mwenyewe. Kumbe fundi alikuwa ndani, anachambua mbaazi.

Kile kipande nimekitoa tena, nimekirudisha koponi. Tukiipiga kaseti, ikifika pale pekundu naisimamisha, namtazama Mama. Hunichelewesha makusudi, anatafuna kwanza kilichomo mdomoni. Halafu anasema.