Hatukuvuna, Tulichuma

Miaka sita nilikuwa nikiozesha kunde, yaani kuzifungisha ndoa. Upande mmoja kulikuwa na kunde za kwetu Kano, nje ya Kisumu: zinatambaa, majani tele, zinavumilia jua hata udongo ukipasuka, lakini maganda ni ya kuhesabu. Upande wa pili, kunde za kusimama zenye maganda mazito, ambazo hunyauka mvua ikikawia wiki mbili tu. Asubuhi mapema nilichukua chavua ya huyu kwa kibano nikampaka yule, kisha nikawachambua watoto na wajukuu wao. Watu hudhani kuna kinasaba kimoja cha mavuno. Hakuna. Mavuno ni harambee: vinasaba vingi, kila kimoja kinachanga kidogo, na vingine vinakuja kula tu.

Katika wajukuu wote hao nilibaki na mmoja niliyemwamini, nikamwita Namba Kumi na Moja. Jaribio la mwisho lilikuwa katika shamba la mjane mmoja karibu na Ahero, mistari ishirini ya kunde mbalimbali, wangu ukiwa mmoja. Ukishindwa, kikao cha kituo chetu cha utafiti kingeufuta, na miaka yangu sita pamoja nao.

Siku ya kupanda nilimwambia mjane na wakaza wana wake wawili, "Tafadhali msivune mpaka nije." Wakaitikia. Nami, mtoto wa Kano niliyekuzwa kwa mboga ya kunde, nikarudi Kisumu nimeridhika. Aibu ya jambo hilo ninayo hadi leo.

Wiki ya sita nilikwenda kukagua. Mistari kumi na tisa ilikuwa imejaa majani. Wangu ulikuwa umenyolewa.

"Nani ameachilia mbuzi hapa?" nilipiga kelele.

Mjane alikuja akijifuta mikono kwa leso. "Mbuzi gani, nyara?" Kwa Kijaluo, nyara maana yake "binti yangu"; aliniita hivyo hata nikiwa nimefura. "Ni sisi."

"Mama, si nilisema msivune!"

"Na hatujavuna. Kuvuna ni ya mbegu. Sisi tumechuma tu mboga. Hizo zingine tulionja, iko chungu. Hii ndio tamu."

Wakaza wana waliinamisha vichwa, si kwa toba, bali kuficha kicheko. Nilitaka kulia. Nilimkasirikia yeye, halafu nikajikasirikia mwenyewe, maana alikuwa amesema kweli tupu.

Mvua ikakatika wakati wa maua. Mistari mingi iliangusha maua yake chini. Wangu, pamoja na kunyolewa kote, ulichipua upya ukafunga maganda. Tulipopima mbegu, ulikuwa wa tatu.

Kikaoni mkuu wangu alisema mstari uliochumwa peke yake haulinganishwi na mingine, ufutwe. Kwa hesabu za jaribio alikuwa sahihi, nami nilikiri. Kisha nikasimama.

"Kuanzia Kisian mpaka Awasi," nilisema, "hakuna jiko litakaloacha majani haya shambani yasubiri mbegu. Tunapima ukame, tunapima wadudu, mikono ya mama zetu hatujawahi kuipima. Nipeni msimu mmoja, tuichume mistari yote sawasawa, halafu mnifute mkiweza."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe wakanipa msimu.

Nilitoka nje nikampigia mjane simu. Nilimwambia kunde yetu haikufutwa, kwamba wakubwa wamekubali ipimwe tena.

"Kwani bado mnapima?" akaniuliza. "Sisi hapa tulimaliza kupima kitambo, kwa sufuria."