Mama Espe Aliyetaka Kututeka

Niliamini, tena kwa kiapo, kwamba wanawake waliovuka ziwa kukimbia vita walikuwa wakiteka watoto wa Ujiji, wakiwatia kwenye madumu ya mawese na kuwavusha kimyakimya. Madumu hayo yalipangwa ufukweni, kwenye mwalo wa Katonga, na kila nilipopita nilisikia moja likipumua. Mpaka leo, harufu ya mawese yakichemka hunisimamisha vinyweleo vyote, hata vya kope.

Masika yale jua lilitususa, dagaa wa mama wakawa wanaoza mchangani. Mama alisema hali ikiendelea hivyo atafunga meza, mimi na mdogo wangu Zuhura tugawanywe kwa ndugu. Ndipo akaja Mama Espe, mkimbizi aliyevuka na sufuria yake moja, kubwa kama mtumbwi.

“Mama Zuhura, usingoje jua. Tuwaunge wabichi kwa mawese na pilipili, wachukuzi wale hapahapa.”

“Na nani atakaa jikoni, nami niko mezani?”

“Wewe uza. Mimi nitateka. Na hawa watoto nitawatekea kwanza.”

Mama akacheka. “Haya, njoo kesho.”

Mama yangu mzazi alikubali tutekwe, tena kwa kicheko. Usiku kucha meno yangu yaligongana hadi majirani wakadhani tunatwanga.

Asubuhi nilimficha Zuhura ndani ya tenga, nikalikalia. Moshi ukapanda, wachukuzi wakajazana, na Mama Espe akanijia na upawa mkononi.

“Mwenzako yuko wapi? Nimeshateka.”

“Alikufa,” nikamjibu. “Zamani.”

Tenga likapiga chafya.

Leo meza ile ni mgahawa wa Zuhura, wenye mabenchi na bati jipya, na mvua ikinyesha ndiyo kwanza hujaa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nimehitimu masomo ya usiku, naweza kuhubiri ujasiriamali mpaka taa iishe mafuta, lakini sijaona somo lililoshinda sufuria ile. Wala sijaona woga ulioushinda wa asubuhi ile, nilivyong’ang’ania tenga hadi kucha zikaota mianzi. Nyumbani tulisema Kiswahili tu. Aliyenishusha tengani ni jirani yetu wa mezani, bibi wa Kiha muuza samaki aina ya migebuka, ambaye hata kisu hakukiweka chini.

“We mtoto, kwao na kwetu kuteka ni kupika. Mtoe mwenzako ale.”