Kanuni ya Ncha Nane

Miezi michache iliyopita, kwenye lifti ya kazini kwangu Stratford, aliingia mwanamume aliyevaa koti la kijani lililopakwa nta, la aina wanayovaa watu wa mashambani, limelowa mvua chapachapa. Lifti nzima ikajaa harufu yake: nta, mbwa, majani yaliyooza. Wenzangu walikunja pua. Mimi niliipita ghorofa yangu bila kujua, nikapanda mpaka juu na kushuka tena, kwa kuwa harufu ile ilikuwa imenirudisha kwenye korido ya nyumba ya Bwana Harold, mzee aliyetunzwa na Mama, lilipotundikwa koti kama lile, nina miaka kumi, nimebeba begi la shule lisilo na kitabu hata kimoja.

Nikueleze nilifikaje pale. Mama alikuwa akifanya kazi ya kutunza wazee majumbani kwao. Hapa London tulikuwa wawili tu. Baba alibaki Wete, Pemba, maombi yake ya viza yamekataliwa mara mbili, na kila Jumapili tulizungumza naye kwenye simu, kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba yeye hajambo kabisa. Shuleni nilikuwa yule mtoto anayeelewa nusu ya maneno na kujibu kwa kichwa. Sikuwa na adui. Sikuwa na mtu yeyote.

Oktoba ile shule zilifungwa wiki moja, na jirani aliyekuwa akiniangalia alikuwa amesafiri. Kwenda kazini na mtoto kulikatazwa. Mama angeweza kufukuzwa. Lakini aniache wapi? Asubuhi ya Jumatatu, kwenye kituo cha basi, aliniinamia akanifunga skafu na kuniambia, "Mwanangu, utakaa jikoni. Husemi, hukohoi. Mle ndani ni kama wewe humo."

Nikakaa jikoni kwa Bwana Harold, simo. Niliisikiliza saa ya ukutani na miguu ya Mama ghorofani. Katikati ya asubuhi Bwana Harold alitokea mlangoni na mkongojo wake wa miguu minne, mrefu, kama themanini hivi, nyusi zimemwangukia machoni. Niliganda. Hakuuliza mimi ni nani. Alitazama pembeni, akaenda taratibu hadi mwisho wa meza, akaweka biskuti moja, akaondoka. Jumanne aliweka biskuti katikati ya meza. Jumatano alikuja nayo mkononi, akanipa mgongo na kwenda zake, nami nikamfuata. Nilikuwa mkubwa kabisa nilipong'amua kwamba mzee yule alininasa vile anavyozoeshwa mnyama wa msituni.

Alinipeleka kwenye gereji. Hapakuwa na gari. Ukutani, toka chini hadi darini, zilipangwa pembe za kulungu wa Ulaya, zimetawanyika matawi kama miti iliyopukutika. Mimi nilikuwa nikiwajua mbuzi, na paa wadogo wa kwetu ambao pembe zao zikishaota hawaziangushi hadi kufa. Aliponiambia kwamba dume wa kulungu huangusha pembe zake kila mwaka na kuota nyingine kubwa zaidi, nilicheka kwa sauti, nikajiziba mdomo. Lilikuwa cheko langu la kwanza ndani ya nyumba ile, na nadhani la kwanza tangu shule zifunguliwe.

Alinifundisha kuzihesabu ncha. Alikuwa akisema Kiingereza polepole, maneno machache, na kwa mara ya kwanza nchini humu nilimwelewa mtu tangu mwanzo wa sentensi hadi mwisho. Ujana wake wote alikuwa mkuu wa wawindaji kwenye ardhi ya tajiri mmoja, mbali kaskazini. Alipoanza, alisema, madume walipigwa risasi wakiwa wachanga mno, hakuna aliyefika utu uzima, na kundi lilibaki la majike na watoto. Ndipo akaweka kanuni: asipigwe dume mwenye ncha pungufu ya nane. Mwaka wa kwanza wawindaji walirudi mikono mitupu na kumtukana. Mwaka wa tatu walianza kukutana na madume wakubwa ambao hata baba za wawindaji wenyewe hawakuwahi kuwaona. "Mimi ndiye niliyefanya hivyo," alisema, akijigonga kifua kwa kidole, na mimi nikaona fahari kana kwamba na mimi nilikuwepo.

Alhamisi alikuja Carol, binti yake. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye buti za matope, na kazi yake ilikuwa hiyohiyo ya kulungu, ila yeye aliwasomea chuoni. Hakuniona, nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni ulioachwa wazi kidogo. Nilisikia akimwambia baba yake kwamba wenye ardhi fulani walitaka kuifuata kanuni ya ncha nane, wakamwomba ushauri.

"Na umewaambia nini?" akauliza mzee.

"Nimewaambia wasiifuate, Baba."

Kijiko kiligonga kisosi. Carol aliendelea kwa sauti ya chini, kama mtu anayesema jambo aliloliweka moyoni siku nyingi, na mengi yake nilikuja kuyaelewa baadaye. Wale madume waliokua haraka, wenye afya, ndio waliofikisha ncha nane mapema, na ndio waliouawa kwanza. Wadhaifu, wenye pembe zisizochipua tawi, walilindwa na kanuni hadi uzeeni, wakazaa. Na huku kila mtu akihesabu pembe, majike hawakupunguzwa, vinywa vikaongezeka, msitu ukaliwa mpaka magome. "Ule msimu wa theluji walikufa kwa njaa, Baba. Nilikuambia kabla. Ukaniambia nirudi kwenye vitabu vyangu."

Mimi, kwa kumwonea mzee huruma, nikasogea, na mlango ukalia. Carol akageuka.

"Huyu mtoto ni nani?"

Mama alikuwa ameshafika kwenye ngazi na kapu la nguo. Uso wake ulivyokuwa, sijausahau.

"Mgeni wangu," akasema Bwana Harold. "Nimemwalika mimi. Mama yake alikataa, nikamlazimisha." Alisema uongo huo bila kupepesa jicho, na Carol akatutazama wote watatu, kisha akaniuliza kama ninakunywa chai na sukari.

Ijumaa alirudi, kwa kuwa kila Oktoba alikuwa akimpeleka baba yake kwenye bustani kubwa ng'ambo ya mto kuwasikiliza madume wa kulungu wakinguruma, msimu wa kutafuta majike. Tulikwenda wanne kwenye gari lake. Kule nyasi zilikuwa za rangi ya kutu na ukungu umelala chini. Sauti zile zilinitisha: si kama simba, si kama ng'ombe, ni kama mtu anayeita jina na hajibiwi. Tulimweka mzee kwenye benchi. Mama na Carol wakaenda kununua chai kwenye gari la vinywaji.

Akaninyooshea dume mmoja aliyesimama peke yake, mbali na majike. Pembe zake zilikuwa mbili tu, ndefu, zimenyooka, bila tawi.

"Unadhani ana umri gani?"

"Mdogo," nikasema.

"Ni mzee. Hana na hatakuwa na ncha nane. Kwa kanuni yangu hakuna ambaye angemgusa." Kisha akasema, akimtazama kulungu, si mimi, "Carol alisema kweli. Aliona akiwa msichana tu, kabla yangu. Nimejua miaka mingi."

Nikajibu kwa kichwa, kama shuleni.

Bwana Harold alifariki Februari iliyofuata. Mama aliniombea ruhusa shuleni, tukaenda kwenye mazishi, sisi na watu wasiozidi kumi. Baadaye, kwenye ukumbi mdogo wenye sandwichi, Carol alichuchumaa mbele yangu. Macho yake yalikuwa mekundu. "Wiki ile ulikaa naye sana," akasema. "Aliwahi kusema chochote kuhusu mimi?"

Nikasema hapana.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Haikuwa woga, ingawa nilikuwa mwoga. Nadhani maneno yale ya kwenye benchi yalikuwa kitu cha kwanza nilichopewa na mtu katika nchi hii, kizima, bila kurudiwa mara mbili, nami sikuwa na vitu vingi. Nilifikiri ni vyangu. Sikujua kwamba mtu anaweza kumwambia mtoto asiye na Kiingereza jambo analoshindwa kumwambia mwanawe, akitumaini tu kwamba litafika. Nilielewa nilipoanza kuishi peke yangu, Jumapili moja, nilipojisikia nikimwambia Baba kwenye simu kwamba mimi sijambo kabisa.

Hata hivyo nilichelewa tena. Carol alikuwa akimtumia Mama kadi kila mwisho wa mwaka, na anwani ilikuwa nyuma ya bahasha, mbele ya macho yangu. Mwaka huu, baada ya lifti ile, ndipo nilipomwandikia barua. Nilieleza yote: biskuti, gereji, benchi, na maneno yale kama yalivyokuwa.

Siku nne baadaye alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa imezeeka.

"Ilikuwa wakati gani hasa?" akauliza.

"Wewe na Mama mlikuwa mnarudi na vikombe."

"Nakumbuka. Nilimwona akisema na wewe." Akavuta pumzi. "Nilidhani anakueleza habari za kulungu."

"Ndivyo ilivyokuwa," nikamwambia. "Hakujua namna nyingine ya kukuzungumzia."