Vifaranga Arobaini Njiani Kwenda Kanama

Ilikuwa saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi skuta ilipozimika mara ya kwanza, nikipanda kutoka Gisenyi kuelekea Nyundo. Haikukohoa. Ilipungua nguvu taratibu, kama mtu anayesinzia, kisha kimya. Mvua ilikuwa nyembamba na ya baridi, na kati ya miguu yangu nilikuwa nimebeba katoni ya vifaranga arobaini wa siku moja.

Walikuwa mali ya mke wangu. Alikuwa ameuza cherehani yake ili aanze kufuga, na nyumbani kwetu Kanama banda lilikuwa tayari, jiko la mkaa limewashwa ndani tangu alfajiri. Kifaranga wa umri huo akipata baridi hulia, akizidiwa hunyamaza. Nilikuwa nimesoma hayo kwenye simu, na sasa nilisikiliza katoni zaidi kuliko nilivyosikiliza barabara.

Nikasubiri kidogo, nikabonyeza starta. Injini ikawaka. Nikajiambia kuwa plagi ilikuwa imeingia maji, nikaendelea. Nilipoipita Nyundo ikazimika tena, vilevile, na safari hii starta iliizungusha bure.

Ufundi sikufundishwa na mtu. Niliusoma mwenyewe, na kanuni yangu ni kutofungua kitu cha pili kabla ya kumalizana na cha kwanza. Nikatoa plagi, nikaigusisha kwenye chuma cha injini, nikabonyeza. Cheche ilikuwa ya buluu, kali. Umeme upo, basi; nikairudisha plagi mahali pake. Ilibaki petroli. Lakini ndani ya katoni sauti zilikuwa zimepungua.

Ng'ambo ya barabara mwanamke mmoja aliuza viazi kwenye kibaraza cha nyumba yake. Aliniuliza kwa Kiswahili cha Goma nimebeba nini. Nilipomweleza alivuka, akafunua katoni, akaingiza mkono.

"Papa, we uko natengeneza moteri ao uko nazika kuku?"

Nilimwambia nikimalizana na kabureta tutaondoka.

"Kabureta haisikie baridi," alisema. "Bale banakufa. Munipe mi."

Sikumjua, na vifaranga hawakuwa wangu wa kumkabidhi mtu. Nikampa. Akaondoka na katoni hadi jikoni kwake, nami nikabaki na mvua, nikijaribu kufikiri kwa mpangilio.

Nikalegeza skrubu iliyo chini ya kabureta. Petroli ilitoka kama uzi, ikawa matone, ikakoma. Tanki nilikuwa nimelijaza asubuhi. Nikainua kiti ili nihakikishe, nikazungusha mfuniko, na tanki likavuta hewa kwa mlio mrefu. Papo hapo petroli ikaanza kumwagika chini, kupitia ile skrubu niliyoiacha wazi.

Nikaelewa. Muuzaji wa vifaranga alikuwa amenionya kwa simu kwamba harufu ya petroli huwadhuru vifaranga, nami kabla ya kuondoka nikaufunika mfuniko kwa kipande cha mpira wa tairi na kukikaza kwa waya. Mfuniko una tundu dogo la hewa. Petroli ikishuka, hewa lazima iingie nafasi yake. Nilikuwa nimeizibia njia. Ndiyo maana mara ya kwanza kusubiri kulisaidia: hewa kidogo ilikuwa imepenya. Nikafungua waya, nikautia mpira mfukoni, nikakaza skrubu, injini ikawaka na kutulia.

Nilimkuta mama yule ameketi karibu na jiko, vifaranga wamejaa ndani ya kitenge mapajani mwake. Mmoja alikuwa amemshika kinywani pake, akimpulizia pumzi ya moto. Wengi walikuwa wameanza kulia tena. Wanne walikuwa wamelazwa kando, juu ya gunia. Alijaza chupa maji ya moto, akaiviringishia kitambaa, akaiweka katikati ya katoni. Nilipomuuliza nimpe nini, alijibu nikipita siku nyingine ninunue viazi.

Mke wangu alinipokea mlangoni. Nilianza kumweleza habari za mfuniko na hewa.

"Baadaye," alisema. "Nipe walio hai kwanza."

Aliwaweka bandani mmoja mmoja, akiwahesabu kwa sauti ya chini, na alipofika thelathini na tano akaukuta mkono wake hauna aliye hai wa kushika. Mmoja zaidi alikuwa amekufia njiani, ndani ya katoni. Watano, kwa bei tuliyowanunulia: faranga elfu tano na mia tano.