Mpunga Ulioota Kifuani

Daktari wa Kasongo alinieleza vizuri, siwezi kumusingizia: titi lenye kansa litaondolewa lote, kutengeneza lingine kwa nyama ya tumbo kunawezekana, lakini kule kwenye miji mikubwa. Nikarudi Kabambare na kovu. Nilishona kifuko cha mpunga, nikakivaa ndani ya sidiria. Mvua ikakilowanisha. Niliogopa kukianika mahali watu wanapita, basi nikakivaa hivyo hivyo mpaka mpunga ukaota. Nilicheka, nikakosa wa kumuonyesha.

Wifi yangu aliita kutoka mutoni: "We wifi, unatukimbia? Mugongo wako utasuguliwa na nani? Kuja tuoge!"

Wanawake wenzangu hawajanikataa; ni mimi ninayengoja watoke mutoni ndipo nioge. Pengine ninakosea. Nikajibu, "Ninakuja," nikaenda kupanda ule mpunga nyuma ya jiko.