Binti Yangu Alikuwa Akizungumza

Kosa langu la kwanza nilipokuwa baba lilikuwa kupiga marufuku Kizaramo nyumbani kwetu. Shule niliishia darasa la nne. Kiswahili sanifu nilijifundisha mwenyewe, kwa redio na kwa magazeti yaliyofungiwa vitumbua. Nilitaka binti yangu aanzie pale nilipofika mimi, kwa hiyo kila alichotamka nilikinyoosha. Akisema "nataka," namwambia, "Sema 'ninataka,' mama."

Nilikuwa tarishi katika ofisi moja Kibaha, nikirudi kijijini kwetu Kisarawe kila Jumamosi. Mtoto alitimiza miaka mitatu, akaingia wa nne, na hata hayo maneno machache yakakoma: kila Jumamosi alinitazama tu, kidole mdomoni. Wenzake waliimba nyimbo za mchakamchaka walizozisikia kwa kaka zao. Mimi nililala nikiwaza: huyu shule hawatamkubali. Nilimkagua ulimi kwa mpini wa kijiko, labda ana udata, utando unaoufunga ulimi. Akalia. Mwishowe nikampeleka hospitali, mke wangu na mama yangu wakafuatana nami.

"Hata nyumbani hasemi?" daktari aliuliza.

Nikajibu hasemi. Mama akatazama chini. Mke wangu akajifunga upya kanga.

Alhamisi moja nilibahatika kupata sukari dukani, nikaomba ruhusa niipeleke nyumbani. Nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko niliposikia mama akisema kwa Kizaramo:

"Mke mwenzangu, kuku kala unga, na mlinzi ni wewe!"

"Mlango umeuacha wazi wewe, bibi! Umezeeka, hata kuku humsikii!"

Sauti ile sikuitambua. Nilisimama na sukari yangu mkononi mpaka nikaelewa kwamba ni ya binti yangu.

"Eti nini? Ngoja Bwana Redio aje Jumamosi, utaufyata huo ulimi."

Mke wangu akacheka. Kicheko kile ndicho kilichonichoma.

Nilipoingia, mtoto aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Mama, mkaniacha nimpeleke hospitali?"

"Ningesemaje, baba? Mtoto akifungua kinywa unamgongagonga kama bati. Kwangu ana maneno tele. Kwako ndiko hana."

"Na wewe?" nilimgeukia mke wangu.

"Ungetupiga marufuku sote."

Ningepaswa kushukuru, mtoto wangu alikuwa mzima. Nilishukuru, lakini baadaye. Pale jikoni niliwaza hospitali tu: mimi nimemshika mtoto kichwa ili daktari amwangaze kooni, yeye analia, na wao wawili wamekaa kwenye benchi, wanajua.

Tangu siku ile Kizaramo kinasemwa nyumbani hata nikiwepo. Binti yangu hunijibu, akichanganya lugha zote mbili, nami simsahihishi. Lakini mke wangu akiniambia mtoto hajambo, naenda kumtazama mwenyewe.