Tulivyosafishwa Mpaka Tukaugua

Uchungu ulinishika nikiwa ubaoni, nikiwafundisha darasa la tatu kugawanya. Nilishika meza, nikafumba macho. Watoto wakadhani nimechoshwa na majibu yao, wakanyamaza kimya ambacho sikuwahi kukipata kwa fimbo wala kwa kusihi. Ilikuwa Jumatatu ya kawaida kabisa pale Oldonyo Sambu: vumbi, upepo wa mlimani, maharage yameanikwa kila uwanja.

Jioni nilikuwa nimelazwa kituo cha afya, nimepasuliwa, na binti yangu mzima analia kuliko watoto wote wodini.

Kitanda cha pili alikuwapo Nai, mke wa mfugaji, aliyepasuliwa siku moja kabla yangu. Alikuwa na mtoto wa kiume na ulimi usiolala.

"Mwalimu," aliniambia, "umeona mikono ya Dokta Urio? Midogo, kama ya mchinja kuku. Angekuwa mchinja ng'ombe, leo tusingekuwa tunaongea."

"Nai, usinichekeshe. Mshono!"

"Bana mto tumboni, kisha ucheke."

Siku zile nilidhani adui yangu mkubwa ni kicheko.

Kisha mshono wa Nai ukaanza kutoa maji. Baada yake wangu, halafu wa msichana mmoja wa Olmotonyi. Maji yakawa usaha. Tukachomwa sindano, sindano zikabadilishwa, usaha ukaendelea.

Kila mtu akawa na mtuhumiwa wake. Mama mkwe wangu alisema ni makande niliyokula kabla mzazi hajaruhusiwa kuyala. Wifi yake Nai alisema ni jicho la mtu. Dokta Urio alisema ni nzi. Sista Eliza, muuguzi mkuu, alisema ni wageni wanaokalia vitanda, akawatoa wote nje. Kuanzia hapo loshoro ya mama mkwe, yale mahindi ya maziwa mgando, ikawa inaingilia dirishani, na yeye mwenyewe amesimama juu ya ndoo, anahema.

"Shikamoo mama," nilimwamkia kupitia nondo.

"Marahaba. Kula upesi, huyo askari wako anakuja."

Huyo askari, Sista Eliza, alitupigania kweli. Kila asubuhi alitusafisha vidonda kwa dawa ya rangi ya waridi iliyokaa kwenye galoni kabatini, na ufunguo wa kabati ulikuwa shingoni mwake. Dawa ilikuwa adimu. Ikipungua, aliongeza maji yaliyochemshwa, maana gari la dawa lilikuwa likichelewa na sisi tulikuwa tukioza. Akaanza kutusafisha na jioni.

Tukazidi kuoza.

Ndipo Dokta Urio alipochukua usaha wetu kwa vijiti vya pamba akaupeleka maabara mjini, kwani kituoni palikuwa na hadubini tu. Baada ya siku kadhaa akaja mtaalamu wa maabara mwenyewe, Bwana Shoo, mtu mrefu anayeongea polepole kama anayepima maneno.

"Nimewaotesha wadudu wenu maabara," alisema. "Ni mdudu mmoja kwa wote watatu. Hamkuja naye kutoka nyumbani. Mmemkuta hapa. Na sindano mnazochomwa, anazicheka."

"Angalau kuna anayeruhusiwa kucheka," alisema Nai. Sauti yake ilikuwa imepungua.

Bwana Shoo akazunguka na vijiti vyake. Alipangusa bomba, vitanda, viganja vya Dokta Urio, hata kijiko cha mama mkwe, ambaye alipiga kelele dirishani kwamba kijiko kile kimelea watoto saba. Mwisho akasimama mbele ya kabati.

"Hapo usipoteze pamba yako," alisema Sista Eliza. "Hiyo ndiyo dawa yenyewe."

"Nifungulie tu, Sista."

Alifungua huku akitabasamu.

Siku hiyohiyo Nai alianza kutetemeka.

Meno yaligongana. Mwili ulikuwa wa moto.

Dawa iliyomweza mdudu yule ilikuwa mjini tu.

Gari likaletwa mlangoni. Walipomnyanyua alinishika mkono. "Mwalimu, mnyonyeshe huyu. Ila usimfundishe hesabu."

Nikamnyonyesha, huku binti yangu akipinga kwa nguvu zote. Gari liliporudi asubuhi lilikuwa na dawa yetu. Mimi na msichana wa Olmotonyi tulipona.

Nai, mdudu alikuwa ameshaingia kwenye damu. Alifariki hukohuko mjini.

Majibu ya Bwana Shoo yalipokuja, bomba lilikuwa salama. Kijiko cha mama mkwe kilikuwa salama, jambo analolitangaza hadi leo. Mdudu alikuwa ndani ya galoni. Dawa ilikuwa imepunguzwa makali mno, na galoni lilijazwa juu ya masalio bila kuoshwa, mpaka mdudu akazoea kuishi humo.

"Kosa ni letu sote, Sista," alisema Dokta Urio. Sista Eliza aliimwaga dawa, akalitoboa galoni kwa mkasi, akalitupa. Tangu siku ile vyombo vikachemshwa, na dawa ikatengenezwa kidogo kila asubuhi, kwa kipimo. Hakuna mshono mwingine uliooza nikiwa pale.

Binti yangu sasa yuko shule. Watu wakiniuliza tulimlaumu nani, huwa nawasimulia siku niliyokwenda na Sista Eliza nyumbani kwa Nai. Sista alimweleza mume wa Nai yote, akiwa amesimama, bila kujitetea. Yule bwana alisikiliza hadi mwisho, mtoto kamlalia begani.

"Sasa vidonda anasafisha nani?" aliuliza.

"Mimi."

"Na dawa?"

"Mpya, kila asubuhi."

Alimhamishia mtoto bega la pili.

"Mke wa mdogo wangu ni mjamzito," alisema. "Atakuja kwako."

Sista Eliza, ambaye sikuwahi kumwona akilia, alilia pale uani. Yule bwana akampa mtoto amshike, akaenda kufungulia ng'ombe. Jua lilikuwa limepanda na walikuwa bado hawajanywa maji.